Korija Moja ya Boriti

Boriti hazihesabiwi moja moja. Huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni ishirini. Neno hili nililisikia kwanza kwa babu yangu mzaa mama, aliyekuwa fundi wa nyumba za udongo, na kwa miaka mingi nilidhani ni neno la mafundi wa kwetu tu. Baadaye nikalikuta katika historia za biashara ya pwani. Majahazi yaliyoshuka na pepo za kaskazi yalirudi Arabuni kwa kusi yakiwa yamepakia korija juu ya korija za boriti za mikoko. Huko Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, boriti zetu ndizo zilizobeba dari. Ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba za kale za pande hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita tatu. Chumba kiliishia pale boriti ilipoishia.

Nimelikumbuka neno la babu kila nilipojaribu kuandika kuhusu Gazi, kijiji kidogo cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Ni mahali ambapo mkoko umepata kuhesabiwa kwa korija, kwa mzigo wa kuni, kwa hekta, na siku hizi kwa tani za kaboni. Watu wake nao wamehesabiwa na wakubwa waliofuatana, na kila mkubwa alikuja na daftari lake na sababu zake. Mimi nilitaka kujua nini kilibaki nje ya madaftari hayo.

*

Ukivuka Likoni na kushika barabara ya Lungalunga, unapita Tiwi, unapita Ukunda na vibao vya hoteli za Diani, kisha vibao vinapungua na minazi inaongezeka. Baada ya kama kilomita hamsini kutoka Mombasa unaacha lami na kuelekea baharini. Wengi wanaopita njia hii wanakwenda Msambweni, Shimoni au mpakani, na Gazi wanaiacha kushoto kwao bila kugeuza shingo.

Wakaaji wa eneo hili wengi ni Wadigo, Wamijikenda wa kusini walioingia Uislamu, na kati yao wamo Waswahili, watu wenye asili ya Kiarabu, na Wakamba na wengineo waliofuata kazi. Kuna wavuvi wa Pemba pia, wanaokuja kwa msimu, wengine wakaoa wakabaki. Kidigo na Kiswahili huchanganywa kiasi kwamba mgeni hajui kimoja kimeisha wapi na kingine kimeanza wapi.

Ghuba ya Gazi imekingwa. Upande wa mashariki kuna rasi ya Chale, na kusini mwamba wa matumbawe unavunja nguvu za mawimbi. Mito miwili inamwaga maji yake humo: Kidogoweni upande wa kaskazini na Mkurumuji upande wa kusini, yote ikitokea pande za milima ya Shimba. Maji baridi yanakutana na maji ya chumvi mahali palipotulia, na tope linapata nafasi ya kulala. Kwa mikoko, hakuna makao bora kuliko hayo.

Mtu wa bara akitazama msitu huu huona kijani kimoja. Mtu wa Gazi huona mitaa. Mbele kabisa, miguu ikiwa majini, ni mlilana. Nyuma yake anakuja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, uliotoa jina lake kwa jamii nzima ya miti hii. Kuna muia, kuna mkandaa mwembamba wenye gome la kutilia rangi, kuna mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, na mchu unaovumilia chumvi hadi unaota pembezoni mwa nchi kavu. Aina tisa zinahesabiwa katika pwani ya Kenya, na kila moja ina mahali pake kulingana na jinsi maji yanavyoifikia.

Kila mti una kazi yake vilevile. Mlilana hufaa kwa mataruma ya vyombo. Mkandaa na mkoko hutoa miti ya kujengea, na miti hiyo ina majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Babu aliyajua kwa kuushika mti kwa vidole, bila futi. Boriti ni ile ya unene wa kama sentimita kumi na moja hadi kumi na nne. Ikizidi hapo, ni nguzo.

Bamvua likipwa, bahari huondoka mbali na kuacha uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Ndipo wanawake wanapoingia na ndoo zao. Maji yakijaa, ni zamu ya wanaume na madau, ngalawa, nyavu na madema. Kijiji kinaishi kwa saa mbili: ya ukutani na ya maji. Pale zinapopingana, mtu hufuata maji.

*

Jina la Gazi liliingia katika vitabu kwa sababu ya ukoo mmoja. Mazrui walitoka Omani, wakaja pwani baada ya Wareno kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698, na katika karne ya kumi na nane wakawa maliwali wa Mombasa. Kisha wakaacha kuwatii watawala wapya wa Omani, Busaidi, wakaitawala Mombasa kama yao. Mvutano huo ulidumu hadi mwaka 1837, Sayyid Said alipoutwaa mji. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na hawakuonekana tena. Waliosalia waligawanyika: wengine wakaenda Takaungu, kaskazini, na wengine wakashuka kusini hadi Gazi.

Mbaruk bin Rashid alikuwa mtoto wa liwali wa mwisho wa Mazrui katika Mombasa. Alikua akijua kwamba baba yake alipotelea ng'ambo na kwamba mji ulio kaskazini ulikuwa wao. Kuanzia miaka ya 1860 alikuwa ndiye bwana wa Gazi, na kwa miaka thelathini hivi hakumpa Sultani wa Unguja usingizi. Alipigana, akapatana, akavunja mapatano, akapigana tena. Maji yalipozidi unga alikimbilia Mwele, ngome yake ndani ya misitu ya milima ya Shimba. Mwaka 1882 Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Unguja, akaizingira Mwele na kuivunja. Mbaruk aliponyoka.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ilichukua uendeshaji wa pwani, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaipokea na kutangaza himaya yake. Mwaka huohuo mzee wa Mazrui wa Takaungu alifariki, na Waingereza wakamsimika mrithi waliyemwona mpole, wakamwacha yule aliyejiona ana haki zaidi. Huyu aliyepitwa akashika silaha, na moto ule ukateremka hadi Gazi. Mbaruk, mtu mzima tayari, akajikuta vitani mara nyingine, safari hii dhidi ya manowari.

Waingereza walipoingia Gazi mwezi Julai, mwenyewe alikwisha kwenda Mwele. Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliivamia ngome hiyo na mabaharia wake na kuiteka. Rawson huyohuyo, mwaka mmoja baadaye, aliongoza manowari zilizopiga mabomu kasri ya Unguja katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja. Mwezi Februari 1897 alikuwa Benin, katika uvamizi uliomalizika kwa kasri kuporwa na sanamu za shaba kupelekwa Ulaya. Mwele, Unguja, Benin: chini ya miezi ishirini. Sanamu za Benin zinazungumzwa leo katika kila jumba la makumbusho lenye haya. Mwele ni msitu ambao hata watu wa Kwale wengi hawajaufika.

Mbaruk hakukamatwa. Aliendelea kupigana vita vya kuvizia hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na watu wake akajikabidhi kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Mjini Mombasa hakuwahi kurudi kama bwana.

Niliposikia habari hizi mara ya kwanza, nilifurahi. Sisi wa kusini mwa Likoni hatuna mashujaa wengi katika vitabu, na huyu alipambana na dola mbili. Lakini furaha hiyo ina swali ndani yake. Mashamba ya Mazrui, ya nafaka na minazi, yalilimwa na watumwa. Wengine walitekwa mbali bara, wakaletwa pwani kwa miguu. Walipokuwa wakihesabiwa katika mirathi, walihesabiwa pamoja na minazi. Bwana aliyekataa kutawaliwa alikuwa mtawala wa watu ambao hawakuulizwa kama wanakubali. Watumwa hao walimpigania Mbaruk, na wengine walimtoroka. Mambo yote mawili yalitokea, na sidhani moja linafuta lingine.

Mwaka 1907 sheria ya kikoloni iliondoa utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya. Serikali ikafungua daftari la fidia, na waliolipwa walikuwa wenye watumwa. Aliyekuwa mtumwa alipewa jina la mtu huru, na hapo hesabu yake ikafungwa bila senti.

*

Jumba la Mbaruk lilisimama. Miaka mingi baadaye liligeuzwa shule, na watoto ambao babu zao pengine waliingia humo kwa mlango wa nyuma wakaketi kujifunza herufi. Nikilifikiria jumba hilo, huwa nafikiria darasa la hesabu: watoto arobaini wakiimba jedwali la mara mbili ndani ya kuta zilizojengwa ili watu waogope.

Vita vilirudi tena, safari hii vya wengine. Mwaka 1914 Wajerumani walivuka mpaka karibu na Vanga wakiitaka Mombasa. Safari yao iliishia Gazi. Tarehe 7 Oktoba walirudishwa nyuma na askari wa King's African Rifles, wanajeshi kutoka Uhindi, na kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoongozwa na Mwingereza aitwaye Arthur Wavell. Wavell mwenyewe aliuawa Januari 1916, na aliuawa Mwele. Msitu ule ulikuwa haujamaliza kumeza watu.

Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi. Pwani nzima, kama bara, ilitoa vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Afisa aliyekufa aliandikwa jina, tarehe na cheo. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara njiani mara nyingi hakuandikwa hata mara moja.

Kati ya vita hivyo viwili, jambo jingine lilitokea bila risasi, na athari zake zimedumu zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi kudai ardhi zao mbele ya maofisa. Waliokuwa na karatasi, pesa na mtu wa kuwasemea, walidai na kupata. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Mdigo aliyelima shamba la mjomba wake, kwa desturi ya urithi wa upande wa mama, hakuwa na karatasi ya kuonyesha, wala hakuelewa kwa nini ahitaji karatasi kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la maskwota wa pwani: mtu anazaliwa, anaoa, anazika wazazi, na siku moja anaambiwa kwamba aliposimama ni kwa mtu mwingine.

Na mwaka 1932 zamu ya mikoko ikafika. Kwa tangazo moja la serikali, misitu yote ya mikoko ya Kenya ikawa hifadhi ya serikali. Mti ambao fundi aliuendea na shoka lake asubuhi, sasa ulihitaji kibali. Sisemi kwamba kabla ya hapo kila mtu alikata kwa busara. Nasema kwamba tangu siku hiyo kijiji kilikuwa mgeni katika msitu ulio nyuma ya nyumba zake, na si rahisi mgeni kumwonea uchungu mti wa mwenyeji.

*

Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi. Viwanda vya chokaa na matofali vilihitaji kuni, na kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali unaodumu. Msitu uliokuwa ukihesabiwa kwa korija sasa ukapimwa kwa lori. Boriti ilichaguliwa mmoja mmoja, ukiachwa mti mchanga ukue. Kuni hazichagui. Sehemu nyingine za ghuba zilibaki wazi kabisa, tope likikauka na kupasuka juani, chumvi ikipanda juu.

Mikoko ikiondoka haiondoki peke yake. Samaki wengi huanzia maisha yao katikati ya mizizi ile, mahali ambapo wakubwa hawawezi kuwafuata. Kaa wanaishi kwenye tope lile. Mawimbi ambayo msitu ungeyapunguza nguvu yanafika ufukweni na kuula. Wavuvi wa Gazi hawakuhitaji utafiti kujua hayo. Waliyaona katika nyavu zao. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti ng'ambo, na biashara ya kale ya majahazi ikafikia mwisho. Lakini Gazi haikuwa imemalizwa na majahazi.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, akiwemo James Kairo, walianza kupanda upya mikoko katika maeneo yaliyokufa. Mwanzoni yalikuwa majaribio. Mkoko ni rahisi kupanda kuliko miti mingi, kwa kuwa mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama mkuki wa kijani, na ikikomaa huanguka na kujichoma topeni. Kilicho kigumu ni kujua upande upi kwa mti upi. Mlilana ukiupanda pa mkandaa utakufa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara na kuifunika mizizi ya pumzi, zikaharibu mikoko sehemu nyingi za pwani. Ilibidi kazi irudiwe. Kazi ya kukusanya mbegu na kuingia topeni ilifanywa na watu wa kijiji, wanawake wengi miongoni mwao. Hao hao wanawake baadaye walijenga daraja la mbao linalopita kati ya mikoko, ambalo wageni hulipia kiingilio, na pato lake ni la kikundi chao.

Mwaka 2013 ulianza mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na Gazi na jirani yake Makongeni. Wanalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na idara ya misitu. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo huifukia topeni, ambako inaweza kukaa karne nyingi ikiwa hakuna anayelichimbua. Hewa inayofyonzwa hukadiriwa kuwa kama tani 3,000 kila mwaka, na tani hizo huuzwa kwa watu na makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Katika miaka ya mwanzo pato lilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Vijiji viwili vina watu elfu tano na ushei. Zingegawanywa kwa kichwa, kila mtu angepata dola mbili na kitu, bei ya kilo chache za unga. Hazikugawanywa. Watu walikutana, wakabishana, wakaamua: maji ya bomba, vitabu na ukarabati wa shule. Nimehudhuria mikutano ya vijiji ya kutosha kujua kwamba neno "wakaamua" linaficha mchana mzima wa kelele, mzee mmoja aliyeondoka kwa hasira na mama mmoja aliyemrudisha. Lakini kelele hizo ni zao. Katika historia yote niliyoisimulia hadi hapa, sioni mahali pengine ambapo kijiji hiki kiliitwa kuamua juu ya hesabu yake chenyewe.

Hata hivyo, sitaki kuimaliza hadithi kwa makofi. Tani moja kwa dola kama nne ni bei ndogo kwa mtu anayepanda ndege, na mnunuzi akishalipa anaendelea na safari zake. Anayeacha kukata ni kijana wa Gazi anayetaka kujenga nyumba ya kuolea. Mradi umelijua hilo, ndiyo maana imepandwa mivinje ya kupunguza uhitaji wa kuni na miti ya kujengea. Lakini mvinje si mkandaa. Fundi yeyote wa nyumba za udongo atakwambia. Na nyuma ya yote hayo, swali la mwaka 1908 lipo palepale katika vijiji vingi vya pwani yetu: kaboni iliyo chini ya mti ina mkataba, mti una kibali, na mtu anayeulinda hana hati ya ardhi aliyojengea.

Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Tunajifunza kuipima hewa kwa tani kabla hatujamaliza kupima kiwanja cha bibi kizee. Sidhani kosa ni la waliopanda mikoko. Wao walianzia pale walipoweza kuanzia. Ila kijana anayeusifia mradi huu mtandaoni, nami nikiwa mmoja wao, angefaa kujua kwamba nyuma ya picha ile ya kijani kuna deni la zaidi ya miaka mia moja ambalo kaboni haiwezi kulilipa.

*

Mara ya mwisho nilipokwenda Gazi ilikuwa bamvua. Maji yalikuwa yametoka mbali, na wanawake walikuwa wametapakaa kwenye uwanja wa mchanga, wameinama, nguo zimefungwa juu ya magoti. Nilitembea hadi mwanzo wa mikoko iliyopandwa. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua kuwa ilipandwa, isipokuwa akitazama kwa makini, aone kwamba miti mingine imesimama kwa mistari. Chini yake mbegu zilizojichoma zenyewe zilikuwa zimeota bila mstari wowote.

Nilijaribu kuuhesabu mstari mmoja. Nilifika kumi na saba nikateleza, nikakaa topeni hadi kiunoni, na watoto waliokuwa wakitafuta chambo wakacheka sana. Korija yangu haikutimia.

Maji yalipoanza kurudi, wanawake walitoka kwa pamoja bila mtu kuwaita. Mama mmoja alinipita akiwa na ndoo kichwani na pweza mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama suruali yangu akatabasamu. Nilikuwa bado na kalamu sikioni na fikira zangu za hesabu, basi nikamwuliza, "Mama, leo umepata kome wangapi?"

Aliitua ndoo akaiinamisha nione. Ilijaa kome, chaza na kaa wawili waliokuwa wakigombana.

"Hawa hatuwahesabu, mwanangu," akasema. "Hawa twawala."

Akajitwika ndoo yake, akashika njia ya minazi kuelekea nyumbani, kabla maji hayajamfika.